Mistari Minene ya Yustina

Kabla sijaeleza lolote juu ya Hajira binti Abdulkadiri, niseme hili mapema ili tusije tukalaumiana mbele ya safari: alikuwa na kiburi. Wanaomsifia leo kwa upole hawakuwahi kumpelekea kitambaa alichodarizi mtu mwingine wakamwomba maoni yake. Alikuwa anakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kisha anakigeuza. Upande wa mbele hakuutazama, kwa sababu mbele kila mtu anajitahidi. Alitazama nyuma, kule kwenye mafundo na nyuzi zilizorukwa, halafu anakurudishia na kusema, “Mashallah, rangi nzuri.” Ukisikia hivyo ujue umefeli.

Cha kwake yeye ungeweza kukigeuza mara kumi usijue mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Ndiyo maana Singida Mjini nzima, kuanzia nyumba za wafanyabiashara karibu na soko hadi kwa makarani wa serikali, binti akiposwa tu mama mtu alikuwa anafunga safari kwenda kwa Bi Hajira. Siku ya kutandika kitanda cha bibi harusi, wanawake wa upande wa bwana huja kuangalia shuka na foronya, nao hawaangalii kwa macho tu. Wanashika, wanavuta, wanageuza. Wana maneno hao! Mama wa bibi harusi aliyekuwa na shuka la Hajira alikaa mkekani amekunja miguu, anakunywa chai yake, hana wasiwasi.

Lakini ukimsifia kwa ndege waliotulia kwenye shuka hilo, alikuwa anakukatisha. “Ndege ni wa Yustina,” anasema. “Mimi nimewavisha tu.” Na alikuwa anasema kweli, maana Hajira hakujua kuchora hata kikombe.

Walikutana shuleni, darasa la tano, miaka ile Mwingereza bado yupo. Yustina Mazengo alikuwa ametoka Manyoni, ambako baba yake alifanya kazi reli, akaletwa kwa shangazi yake Unyambwa, nje kidogo ya mji, ili asome. Mgogo mrefu, mwembamba, mkimya, mwenye vidole vyeusi kwa makaa, kwa sababu alikuwa anachora juu ya chochote: ukuta, kibuyu, jalada la daftari la mwenzake. Hajira yeye alikuwa mtoto wa mjini. Baba yake alikuwa mtu wa Tanga aliyekuja na biashara ya chumvi, akaoa Mnyaturu, akasahau kurudi kwao. Mwalimu wao wa mambo ya nyumbani, Mwalimu Theresia, aliagiza kila msichana achore ndege kwenye kitambaa kisha amdarizi. Ndege wa Hajira akatoka kama birika. Wa Yustina alikuwa karibu aruke, ila alipoanza kumshona nyuzi zikajifunga mafundo mpaka kitambaa kikajikunja chote.

Basi wakafanya walichofanya. Yustina akachora ndege wawili, Hajira akawashona wawili, kila mmoja akapeleka wake. Mwalimu Theresia akaviweka vitambaa sambamba mezani, akavitazama, akawatazama wao. Hakuhitaji kuuliza. Waliadhibiwa kufyeka nyasi za uwanja wiki nzima, na ni katika wiki hiyo, wameinama na mafyekeo mkononi, urafiki ulipokolea. Wiki iliyofuata ikatangazwa kwamba mkaguzi anakuja. Mwalimu Theresia akaja darasani amekunja uso, akasema, “Ninyi wawili. Nataka kitambaa cha meza cha mgeni. Fanyeni kama mlivyofanya.” Yustina alisimulia kisa hicho maisha yake yote, na kila mara alicheka mpaka akashika mbavu.

Tangu hapo hawakuacha. Hajira aliolewa mjini, Yustina akaolewa huko huko Unyambwa, wakazaa, wakazika, Hajira akawa mjane mapema, na kazi ikaendelea. Utaratibu wao ulikuwa hivi: kila Alhamisi Yustina alikuja mjini na kitambaa ameshakichora kwa penseli iliyochongwa ikachongeka, mistari myepesi ambayo ukifua mara moja inaondoka. Rangi hakuitaja kamwe. Hata mteja akimwambia anataka bluu, Yustina alimjibu, “Kamwambie Hajira.” Na Hajira naye hakugusa mstari. Mguu wa ndege ukizidi urefu, anaushona hivyo hivyo. La mwenzako usiliseme, ndiyo ilikuwa sheria yao, na waliiweka wakiwa wasichana baada ya ugomvi mkubwa juu ya mkia wa jogoo, ugomvi uliowanunisha mwezi mzima. Wakaona kuliko kununiana tena, kila mtu anyamazie sehemu ya mwenzake. Na kweli, miaka thelathini na kitu hawakununa.

Hata miaka ya dhiki, mwanzoni mwa themanini, wakati sabuni ilipatikana kwa foleni na uzi wa rangi ulikuwa hadithi, walishona. Hajira alifumua masweta ya wanawe. Kitambaa kilikuwa magunia ya unga, yanachemshwa na majivu mpaka maandishi yafifie. Yuko mama mmoja mpaka leo ana shuka lake la harusi la enzi hizo, lenye heroe, wale ndege warefu wa Ziwa Singidani wanaosimama kwa mguu mmoja. Ukilitandaza juani, chini ya mbawa unasoma uzito wa unga.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara. Jamani, nyie mliozaliwa juzi hamwezi kuelewa. Maduka yaliyokuwa na viberiti na mende tu yakajaa ghafla. Mitumba ikamwagwa chini sokoni, redio zikapigwa kila kibanda, watu wakafungua migahawa, wakafungua gesti, kila mtu mfanyabiashara. Na nyuzi! Hajira alikwenda dukani siku moja akakuta nyuzi za kudarizi za kila rangi, za kijani peke yake aina saba, akasimama pale machozi yanamlengalenga. Mwenye duka akadhani bei imemshtua, akampunguzia.

Hapo hapo, nyuzi zimeshakuja, macho yakaanza kumwacha.

Kwanza ilikuwa kama moshi wa jiko kwa mbali. Akalaumu jiko. Kisha jua la saa nne likawa linamchoma, kila kitu kinang'aa mpaka hakionekani. Akajaribu miwani ya marehemu mumewe, ikamfanya ukungu uwe mkubwa zaidi. Rangi nazo zikaanza kufanana, kahawia na nyekundu ndugu, bluu na kijani mapacha. Hakumwambia mtu. Angeweza kwenda hospitali, lakini kwenda hospitali ni kusema, na kusema ndiko alikokuwa anakukwepa. Alichokiogopa alikijua kwa jina: siku Yustina atakapojua, atatafuta mshonaji mwingine. Na afanyeje? Wateja wapo, na wasichana wenye macho makali wamejaa mjini. Yeye Hajira atabaki mama mkwe wa kukalishwa barazani na kuulizwa kama amekunywa uji.

Akawa mjanja. Alimwambia Nasma, mke wa mwanawe Ahmadi, awe anamtungia uzi kwenye sindano kumi kila asubuhi, “tuokoe muda.” Nyuzi alizipanga kwenye kopo la biskuti kwa mpangilio wake, nyekundu kushoto, kijani kulia, akawa anashika bila kuangalia. Ilikwenda vizuri hadi Nasma, kwa nia njema kabisa, alipofanya usafi wa chumba na kulipanga kopo upya.

Mteja alikuja kuchukua shuka lake siku ambayo Yustina naye yupo. Hajira akalikunjua kwa madaha yake yale. Heroe wanne wamesimama ziwani, na miguu yao ya kijani kibichi kama kisamvu. Mteja akaguna. “Haya ndiyo mambo ya kisasa, eti?”

“Ndiyo ya kisasa,” Yustina akajibu upesi.

Hajira hakuelewa ya kisasa ni yapi. Mwezi haujaisha wakaja wanawake wawili wanataka heroe wa miguu ya kijani kama wa fulani, ndipo akaelewa. Aliingia chumbani akakaa kitandani. Je, Yustina ameng'amua? Lakini Yustina hakusema kitu Alhamisi ile, wala iliyofuata, wala mwaka huo wote. Hajira akajifariji kwamba mwenzake amedhani ni makusudi. Mtu akitaka kuamini jambo, ataliamini tu.

Baada ya hapo ndipo michoro ya Yustina ilipoanza kubadilika. Mistari ikanenepa. Penseli nyembamba akaiacha, akawa anatumia ile bapa ya maseremala, mistari myeusi unaweza kuifuata kwa kidole. Na manyoya yakapungua. Bawa lililokuwa na manyoya ishirini sasa lina sita, kesho lina matatu. Mwanzoni Hajira alishukuru kimoyomoyo, kwa sababu alishona bila taabu na hakuna aliyejua. Kisha, ninyi mnamjua, kiburi kikaamka. Akaanza kujiuliza: huyu mbona ananichorea ovyo? Amenichoka?

Jibu alilipata stendi ya mabasi. Kulikuwa na mgahawa mpya pale, mwenyewe akamwita Yustina amchoree ukuta. Hajira alipita siku moja na Nasma, akainua uso, akamwona heroe mkubwa kuliko mtu, anang'oa mguu majini, manyoya yote mahali pake, unaweza kuyahesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Kitu kikubwa namna ile hata yeye alikiona. Akasimama katikati ya njia mpaka mwenye baiskeli akampigia kengele. Kumbe Yustina bado anajua kuchora! Ila uzuri wake siku hizi anawapelekea wenye migahawa, na Hajira anapewa makapi.

Angeweza kuyameza hayo, lakini likaja shuka la Anastazia.

Anastazia ni kitinda mimba wa Yustina. Siku anabatizwa, Hajira alimpakata nje ya kanisa, akamwambia mama yake mbele ya watu, “Shuka la harusi la huyu ni langu. Sitaki senti.” Sasa mwaka wa tisini na moja msichana ameposwa, ndoa ni baada ya mavuno. Hajira aliingoja kazi hiyo kama mtu anayengoja mtihani. Alijiambia hili moja akilimaliza vizuri, basi, yatakayotokea na yatokee. Halafu akasikia sokoni kwamba Sixbert, kaka wa bibi harusi, ambaye siku hizo alikuwa akienda Dar kuleta bidhaa, amemletea dada yake shuka la Dubai, la kung'aa, lina marinda pande zote, na foronya zake ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu.

Alhamisi hiyo Yustina akaja na shuka jeupe la popilini. Wakaingia chumbani, akalikunjua. Mistari minene. Ndege wawili, manyoya matatu kila bawa.

“Mama Sixbert,” Hajira akasema.

Yustina akainua kichwa. Walikuwa wawili tu, na wakiwa wawili tu hawakuwahi kuitana kwa majina ya watoto. “Umeniitaje?”

“Nimekuita Mama Sixbert. Hii ni nini?”

“Shuka la Anastazia.”

“Hii ni kazi ya kumpa mtoto wa chekechea apake rangi! Ndege wa stendi nimemwona mimi. Ana manyoya mpaka shingoni. Mwenye mgahawa anapata manyoya, mwanao wa kumzaa anapata makaa?”

Yustina akapapasa ukingo wa shuka.

“Au ni kwa sababu ya hilo la Dubai? Hilo ndilo la kutandika, hili langu ni la kumfurahisha Hajira, nikishageuza mgongo linatupwa sandukuni?”

“Hajira, nani kakwambia mambo hayo?”

“Mji mzima! Nimeshona kazi yako tangu sijavunja ungo, Yustina. Kama umenichoka sema umenichoka. Usinipe makapi.”

“Unataka nichore kama zamani?”

“Nisingetaka ningesema yote haya?”

“Nakuuliza. Unataka nichore kama zamani?”

“Ndiyo!”

Yustina akalikunja shuka taratibu, kona kwa kona, akalitia kwenye kikapu. Maji ya kunywa aliyoletewa akayaacha. Akaenda zake. Mimi ningekuwepo ningewagonganisha vichwa. Mmoja ana siri, mwingine anaijua siri hiyo hiyo, na wote wawili wamefunga midomo kwa heshima. Heshima gani hiyo?

Alhamisi ikapita bila Yustina. Hajira akajifanya ana kazi nyingi. Alimgombeza Nasma kwa chumvi, akamgombeza muuza maziwa, akagombeza na kuku. Kila hodi ikipigwa alinyoosha mtandio wake haraka, kisha anakuta ni jirani anaomba moto.

Siku ya kumi na mbili akaja Anastazia mwenyewe na kikapu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?”

“Hajambo. Amesema nikuletee. Amesema,” msichana akatazama chini, “amechora kama ulivyotaka.”

Hajira alimkaribisha chai, akamuuliza habari za mchumba, akamsindikiza hadi barabarani, yote kwa utulivu. Aliporudi akatandika mkeka uani kwenye mwanga mzuri, akalitandaza shuka lote, akapiga magoti.

Jeupe.

Akasogea kona ya pili. Jeupe. Akaligeuza, labda limekunjwa ndani nje. Jeupe tupu, linamwakia machoni kama bati jipya. Alitambaa shuka zima kwa magoti, pembe hadi pembe, na hakuna alama hata moja. Ndipo hasira ikampanda. Yustina amemletea kitambaa kitupu! Amemtuma mtoto aseme kwa kinywa chake “amechora kama ulivyotaka,” kumbe ni kusema: haya, jichoree mwenyewe. Miaka yote ile, na haya ndiyo malipo? Iliuma, haki ya Mungu, ilimuuma kuliko siku alipozika mume, maana mume alichukuliwa na Mungu, na huyu anajiondoa kwa miguu yake.

“Nasma! Njoo ukunje hili dude, linarudi Unyambwa sasa hivi! Mtu mzima mwenye wajukuu ananitumia kitambaa kitupu!”

Nasma akaja anafuta mikono. Akachuchumaa, akashika pindo, kisha hakukunja.

“Kunja!”

“Mama,” Nasma akasema pole pole. “Kitupu kivipi?”

“Kivipi nini? Huna macho?”

“Mbona amechora kila mahali?”

Hajira akamgeukia.

“Hawa hapa heroe, mama. Wengi. Huyu mmoja anamlisha mtoto wake. Na maji haya, na majani yake, na manyoya yote… Mungu wangu, mama, sijawahi kuona mchoro kama huu.” Akamshika Hajira mkono kwa upole, akauweka juu ya shuka. “Kidole chako kiko juu ya bawa lake. Hapo hapo.”

Hajira akatazama kidole chake. Kidole alikiona. Chini yake palikuwa peupe.

Alikaa hivyo, Nasma amemshikilia mkono. Kuku mmoja akaja kukanyaga pindo la shuka, akafukuzwa. Na pale chini, kidogo kidogo, yakaanza kumjia yote. Penseli ya seremala. Manyoya ishirini, sita, matatu. “Ndiyo ya kisasa,” ilivyojibiwa upesi upesi. Miaka miwili mwenzake anaunenepesha mstari kadiri ukungu unavyonenepa, na yeye amemwita mtu huyo kwa jina la mtoto wake na kumwambia makapi.

“Nilijua habari za sindano tu, mama,” Nasma akasema. “Sikujua imefika hapa.”

“Hukujua kwa sababu nilikuficha,” Hajira akamjibu. Kisha akalia waziwazi, mbele ya mkwewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Asubuhi yake alikwenda Unyambwa kwa miguu, shuka ndani ya kikapu. Nasma akataka kumsindikiza, akakatazwa. Njia ile Hajira aliijua hata kwa nyayo, na kila alipokutana na mtu aliamkia kwanza yeye ili sauti imwambie ni nani. Njiani alipanga maneno marefu ya kuomba radhi, yenye mwanzo na mwisho.

Yustina alikuwa uani anapepeta uwele.

“Hodi hapa.”

Ungo haukusimama. “Karibu, Mama Ahmadi.”

Alistahili, na alijua kwamba anastahili. Akatafuta kigoda kwa mkono, akakaa, akatoa shuka kikapuni, akaliweka magotini. Alipofungua mdomo, yale maneno marefu yote yalikuwa yamepotea.

“Sioni, Yustina.”

Ungo ukasimama. “Najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu miguu ya kijani.”

“Miaka miwili!”

“Na miezi.”

“Na ukanyamaza.”

“Rangi ni zako. Ningesemaje neno juu ya rangi?” Yustina akauweka ungo chini. “Nikasema mstari ni wangu, basi nitauongeza mstari. Kila ukichelewa kushona, nauongeza tena.”

“Na siku ile nilipokutukana? Si ungeniambia?”

“Ningekuambiaje? Unanipigia kelele kwamba bawa lina manyoya matatu, na mimi najua matatu ndiyo unayoweza kuyaona. Ningetamka tu, ungeweka sindano chini siku hiyo hiyo na usiishike tena. Nakujua. Una kiburi wewe.”

“Ninacho.”

“Nikaogopa.”

“Wewe uogope nini?” Sauti ikamkatika Hajira. “Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Nilijua ukijua tu, utatafuta mwingine wa kushona.”

“Mwingine nani?”

“Wasichana wapo. Wana macho.”

“Hajira.” Yustina akavuta kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana. “Mimi nikichora ndege, namwona ameshonwa tayari, na mkono ni wako. Huyo mwingine nitamchoreaje? Sijui hata pa kuanzia.”

Wakalia, wazee wale wawili, na vumbi la uwele likawafanya wapige chafya katikati ya kilio, wakacheka, wakalia tena.

“Na la Dubai?” Hajira akauliza, anafuta pua.

“Analala nalo Sixbert mwenyewe. Anastazia amelikataa, anasema linateleza.” Yustina akampangusa uwele begani. “Harusi ikipita tutakwenda hospitali wakuangalie hayo macho.”

“Nitakwenda.”

“Tutakwenda, nimesema.”

“Wewe yako yana nini?”

“Nitakubebea mkoba.”

Yustina akaingia ndani, akatoka na penseli ya seremala. Akalitandaza shuka mkekani, akamkalisha Hajira upande mmoja na kumwekea pindo mikononi. “Vuta, likaze.”

“Unataka kufanya nini?”

“Nataka kuchora.”

Hajira akaliachia pindo. “Hapana. Usiuguse huo. Nasma amesema hajaona mchoro kama huo maisha yake.”

“Nasma hashoni.”

“Ulikaa siku kumi unauchora!”

“Kumi na moja.” Yustina akawa anachonga penseli kwa kisu, haangalii juu. “Na niliuchora kwa hasira, Hajira. Kila unyoya. Nilikuwa najua hutauona hata mmoja, nikauchora hivyo hivyo ili ukome. Mungu anisamehe. Ni mzuri, kweli, hata mimi sijawahi kuchora namna hii. Lakini ninauonea haya. Shika pindo.”

Hajira akashika pindo, akavuta.

Penseli ikashuka juu ya ndege yule mama, anayemlisha mtoto wake. Hajira hakuona kilichokuwa kikipotea chini yake, manyoya mangapi yanamezwa na mstari mmoja. Alisikia tu mkwaruzo kwenye kitambaa, na pumzi ya Yustina karibu na sikio lake.

“Hapo?”

“Bado.”

Yustina akairamba ncha, akakandamiza zaidi. “Na hapo?”

“Bado, Yustina.”

Akapitisha mara ya tatu, ya nne, mpaka penseli ikakaribia kutoboa. Hajira akainama, pua imegusa shuka, akafumba jicho moja, akalifumbua. Ndani ya ule weupe palikuwa na kitu cheusi kimepinda.

“Naona,” akasema. “Ni shingo?”

“Ni bawa.”

“Ni bawa,” Hajira akakubali, akalikaza pindo kwa mikono yote miwili. “Haya, endelea. Usisimame.”